Pembe ya Nne

Nilipoitwa kwenye timu ya taifa nilikuwa tayari na wajukuu wanne, na mguu mmoja. Mchezo wenyewe ni voleboli ya kukaa, ile ya watu waliokatwa viungo. Wavu unashushwa, mnakaa sakafuni, mnajikokota kwa matako na mikono. Mguu wangu ulibaki mu plaine, ile tambarare ya mto Ruzizi, risasi ilinikuta nikipalilia mihogo. Hilo nimeshalieleza vya kutosha, sitalirudia hapa.

Lakini kazi yangu si mpira. Kazi yangu ni mikeka. Nasuka tangu usichana, milulu, majani marefu ya kinamasi, iliyotiwa rangi kwenye matope meusi. Yaya wangu, mzaliwa wa kwanza wa mama yetu, ndiye aliyenifundisha. Mkeka wa ukoo wetu unajulikana kwa pembe. Tatu za kwanza, yeyote mwenye macho anaweza kuziiga. Ya nne ndiyo inayofunga mkeka wote: ncha zinazama ndani, huoni zimeishia wapi. Hiyo haionyeshwi kwenye kipande cha kujifunzia. Inaonyeshwa mara moja tu, kwenye mkeka wa kumlazia marehemu, na anayeionyesha ni yule yule atakayelazwa, angali hai. Mama alimwonyesha yaya hivyo. Miaka yote mikeka yangu ilifungwa na yaya, amenipa mgongo, na minye mdogo wake nikaona hakuna haraka.

Kisha tumbo lake likaanza kuvimba. Hospitali ikamrudisha nyumbani. Akaniambia, "Anza mkeka wangu. Ukifika pembe ya nne, uniite."

Nilikuwa katikati ya mkeka wito ulipofika: Ulaya, majuma matatu.

"Weye mwenye wajukuu, unaenda kujikokota na matako mbele ya wazungu?" yaya aliuliza.

"Naenda na mkeka. Nitausuka kule kule. Nikirudi itakuwa imebaki pembe tu."

"Na minye nikufe lini? Niandikie siku, nijipange."

Wanawake waliokuwa uani walicheka, nami nikacheka. Nilitaka kwenda, huo ndio ukweli. Nilitaka kuvaa jezi yenye jina la inchi yetu mgongoni. Ningeweza kukataa na hakuna ambaye angenilaumu.

Kule tulifungwa mechi zote. Wale wenzetu walikuwa warefu hata wakiwa wamekaa. Tulizungushwa miji mitatu kwa basi, tunafungwa, tunakula viazi, tunapanda basi tena. Kati ya mechi nilisuka. Kapiteni wetu, mwanamke wa Bukavu mwenye mguu mmoja kama minye, alinitania: "Mama Mkeka, ungelinda mpira kama unavyolinda hayo majani, tungerudi na kombe."

Mlulu ukikauka unavunjika. Hoteli ya mji wa tatu ilikuwa na beseni la kuogea la kutosha muntu kulala. Asubuhi ya mechi nililijaza maji, nikaloweka milulu iliyobaki pamoja na mkeka wenyewe, maana upande unaosukwa lazima uwe laini. Sikumwambia mtu. Kwetu, maji yenye kitu ndani hayamwagwi. Uwe muhogo, ziwe nguo, hata mtoto anajua mwenyewe yupo na atarudi. Nilidhani dunia nzima inajua hivyo.

Tuliporudi beseni lilikuwa jeupe, linanuka dawa.

Kochi alienda kuuliza, akarudi na mama wa usafi, rika langu, vidole vimechanika kwa sabuni. Alidhani bomba limerudisha uchafu. Matope ya Ruzizi yananuka, sikatai. Gari la taka lilikuwa limeshapita. Yule mama alinishika mkono, akalia. Nikakosa hata wa kumkasirikia.

Nilimpigia yaya simu, nikamwambia yote. Akasema, "Chukua kamba."

"Si ulisema haionyeshwi hivyo?"

"Chukua kamba, nimesema!"

Kapiteni alichomoa kamba za kiatu asichokivaa, maana viatu vinauzwa viwili viwili. Nikakaa kitandani, simu imebanwa begani.

"Ya chini ipite juu ya mwenzake."

"Ya chini ipi? Ziko mbili."

"Ile inayokuangalia!"

"Yaya, zote ziko zinaniangalia."

Alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na binti yake akachukua simu, akasema mama amechoka.

Niliporudi nilimkuta hai, lakini hakunijua tena. Nikaagiza milulu, nikasuka kando ya kitanda chake kutwa, siku baada ya siku, mpaka vidole vikatoka damu. Alhamisi asubuhi nilifika pembe ya nne. Nikamwekea mikononi. Vidole vyake vikaanza kutembea. Vikashika ncha, vikaipitisha chini, nikasogea karibu. Kisha vikaanza kufumua. Alifumua taratibu, mstari kwa mstari, hadi akasinzia. Nikasuka upya alipoharibu. Jumapili haikumkuta hai.

Tulimlaza juu ya mkeka huo, pembe ya nne nimeishona kwa nailoni ya wavuvi. Watu wakausifu.

Nyumbani nilikuwa na mikeka mitatu aliyoifunga yeye. Nilianza kuifumua nijue njia ilivyopita. Ukivuta ncha inatoka, na njia yake inapotea hapo hapo. Wa kwanza haukunionyesha kitu, wa pili vilevile. Mjukuu wangu mkubwa alinikuta nimeushika wa tatu.

"Koko, acha basi hata huo mumoja."

"Ondoka kwenye mwanga," nikamwambia. "Kwenye huu nitaiona njia."

Sikuiona.