Waliomkatalia Dripu

Wateja walimwita Mkasi, kwa mkono wake na kwa ulimi wake. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Saratani ya ovari ilipompata mara ya kwanza, alitiwa dripu za dawa hadi nywele zikadondoka, akarudi kwenye cherehani kabla hazijaota. "Sasa nafanana na mume wangu," aliwaambia wateja, "ila zangu zitaota."

Baadaye tumbo likaanza kujaa tena, akapimwa. Kila alipouliza majibu, mdogo wake aliyempeleka alimjibu kwamba mashine imeharibika.

Siku moja mdogo wake alikuja kupunguziwa gauni.

"Nimechoka kusubiri mashine," Mkasi alisema, akimchomekea pini kiunoni. "Kesho naenda mwenyewe."

"Usijisumbue, dada. Tumeshaamua."

"Wewe na nani? Mimi kwenye hiyo 'tu' yako simo."

Ikatoka yote. Ugonjwa umerudi. Daktari alishauri dripu tena, mume wa Mkasi akamjibu kwamba mgonjwa hataki, anataka kupumzika nyumbani.

"Mara ile ulilia sana, dada. Tulikuonea huruma."

"Kulia nililia. Nilikataa lini?"

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni. "Mama watoto, tulitaka kukulinda."

"Na kaburi mmeshanichagulia, au hapo mtaniuliza?"

Kikulacho ki nguoni mwako, na Mkasi alishinda na nguo mchana kutwa asikione. Anayemficha mtu ugonjwa wake humwibia mwili akiwa angali ndani yake. Huruma haitakasi wizi huo.

Kesho yake alikwenda peke yake.

"Niliambiwa umekataa," daktari alisema.

"Aliyekataa hana ovari."

Daktari hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: dripu ingeweza kuurudisha ugonjwa nyuma kwa muda, kuumaliza hapana. Mkasi akamwonyesha ncha za vidole. Dawa ya kwanza ilivitia ganzi, hata sindano ikimchoma hajui. Daktari akasema ipo nyingine, isiyosumbua sana vidole.

"Nipe hiyo. Siku nikichoka, nitakwambia mwenyewe."

Alipotoka alimkuta mumewe kwenye benchi la nje, kofia mkononi.

"Nisamehe," alisema.

Mkasi alijifunga mtandio wake vizuri.

"Dripu nimeshaikubali. Wewe bado nakufikiria."