Kadi ya Mwalimu Clementi

Mwalimu Clementi alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na sita, na sitaki mtu aniambie kwamba hakujua hesabu. Alijua. Nimefanya naye kazi miaka kumi na miwili katika shule moja hapa Nyasura, Bunda, meza yake ikitazamana na yangu, na nimemwona akijumlisha michango ya walimu wote kwa kichwa huku anasahihisha madaftari. Wale wanaosema walimu wanaingia kwenye mikopo ya kausha damu kwa ujinga, waje waniambie mimi nikiwa nimeshiba. Nikiwa na njaa nitawajibu vibaya.

Yeye alianza na ng'ombe. Baba mkwe wake alifariki Butiama katikati ya mwezi, na Clementi ndiye mkwe mkubwa. Kwa ukoo wa Wankyo, mke wake, mkwe mkubwa anafika msibani akiswaga ng'ombe, waombolezaji wakimwona kwa macho yao. Pesa ya ng'ombe hawaitaki, kwa sababu pesa inapita mfuko hadi mfuko na hakuna anayeiona. Clementi alikuwa na laki mbili. Ng'ombe aliuzwa laki saba. Mshahara ulikuwa siku kumi na moja mbele. Siku kumi na moja tu, ndivyo alivyoniambia, na mimi nilikubali kwamba siku kumi na moja si kitu.

Laki tano alizipata kwa Gody ndani ya dakika kumi. Gody ana duka la makava ya simu karibu na mashine ya kutolea pesa, na biashara yenyewe iko nyuma ya makava. Hakuuliza mdhamini wala hati ya kiwanja. Alitaka kadi ya benki na namba ya siri, riba asilimia thelathini kwa mwezi, na sahihi kwenye daftari. Clementi ndiye aliyemfundisha huyo Gody kusoma. Alimwandikia namba ya siri kwenye kikaratasi kwa ule mwandiko wake mzuri wa ubaoni.

Mwisho wa mwezi Gody alitoa mshahara wote, akakata laki sita na nusu zake, akamkabidhi Clementi laki mbili na nusu. Deni limekwisha, asante Mwalimu, kadi yako hii hapa. Kufika tarehe kumi unga ulikuwa umekwisha na binti yao anadaiwa hela ya bweni. Clementi akarudi na kadi ileile. Watu wa nje hawalielewi jambo hili. Lile deni la kwanza unalilipa vizuri kabisa. Kinachokushinda ni kuuishi mwezi unaofuata.

Miaka mitano ikapita hivyo. Alikopa kulipa, akalipa riba tu, akaongezewa kidogo, mpaka deni lenyewe likasimama kwenye milioni moja na laki nane, na kila mwezi Gody anabaki na laki tano na arobaini bila deni kupungua hata senti. Nyumbani Wankyo aliambiwa ni makato ya benki.

Kila mshahara ukitoka, kuna benchi nje ya duka lile. Wanakaa walimu, wanakaa manesi, anakaa na mlinzi mmoja wa halmashauri. Gody anakwenda kwenye mashine na kadi zao zimefungwa kwa mpira, anarudi, anaita majina mmoja mmoja. Na heshima anayo, hilo lazima niliseme. "Shikamoo Mwalimu. Mwalimu Clementi, karibu ndani." Heshima hiyo ndiyo iliyokuwa inaniudhi kuliko riba. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye benchi lile miezi mitatu, mwaka niliojifungua, na nilitoka kwa kuuza cherehani ya marehemu mama. Kwa hiyo hasira yangu si ya kusimuliwa.

Mwaka wa kustaafu ulipofika ndipo nilipoanza kukosa usingizi kwa ajili yake. Nyumba aliyokaa ni ya shule. Kwake ni kiwanja Butiama, na juu yake kuta zilizofika kwenye renta, juu ya milango na madirisha, hazina paa mwaka wa saba. Mpango ulikuwa mmoja: kiinua mgongo kikitoka, sehemu iende kwenye ada za watoto wawili walioko chuo, inayobaki inapaua nyumba. Hakukuwa na pesa nyingine tena ya kungojea maishani mwake. Na pesa hiyo ingeingia kwenye akaunti ambayo kadi yake ilikuwa dukani kwa Gody, imefungwa mpira.

"Mwalimu," nilimwambia, "kaseme benki kadi imepotea. Watakupa nyingine, ile itakufa."

Benki walitaka karatasi ya polisi ya upotevu. Tukaenda wote. Afande wa kaunta akachukua kalamu, akauliza imepotelea wapi. Clementi akatazama mikono yake.

"Haijapotea, afande," akasema. "Najua iliko."

Nilitamani ardhi ipasuke. Tulipotoka nje nilimpa maneno yake yote, pale pale barabarani. Nilimwuliza kama mbinguni kuna benki, kwa kuwa kwa mwendo ule paa lake angelikuta huko.

"Madam Sabina," akasema kwa upole uleule wa darasa la kwanza, "nimewachapaga watoto wa watu kwa sababu ya uongo. Miaka yote hiyo. Sasa niandike wangu polisi, tena na mhuri?"

Nikazidi kukasirika. Lakini hasira huwa inanifungua akili. Wiki ile ile nikampeleka Musoma, tukafungua akaunti kwenye benki nyingine kabisa, na akaunti hiyo ndiyo tuliyoijaza kwenye fomu zake za mafao. Hakuna aliyedanganywa na hakuna kilichopotea. Yule dada wa benki alipomwambia aweke namba yake ya siri, Clementi aliitaja kwa sauti kila alipobonyeza, watu wote kwenye foleni wakageuka.

"Usiitaje!" nikamfinya. "Hata mimi sitakiwi kuijua."

"Nilikuwa nimeshasahau ni siri," akasema, na tukacheka mpaka stendi. Tulikula samaki furu wa kukaanga pale Nyasho, Musoma hapohapo, kabla ya kurudi. Nilimwona mtu aliyetua mzigo, na mimi nilijiona nimefanya jambo la maana.

Alistaafu mwezi wa sita. Akahamisha vitu kwenda Butiama kwa kaka yake Wankyo, wakae huko mpaka paa lipatikane. Kiinua mgongo kilitoka mwezi wa kumi na moja. Siku hiyo hakunipigia. Nilipata habari kwa Gody mwenyewe, nikiwa napita mbele ya duka lake na mfuko wa nyanya.

"Shikamoo Madam. Mwalimu Clementi amemaliza deni lote. Mzee muungwana sana yule."

"Lote lipi?"

Akanionyesha daftari bila hata aibu. Miezi mitano ya kungojea mafao ile kadi ya zamani haikuwa na mshahara, kwa hiyo riba ilikuwa inapanda juu ya riba. Milioni moja na laki nane ilikuwa imefika milioni sita na laki sita na themanini. Chini yake kulikuwa na sahihi, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni.

Jumamosi nilikwenda Butiama. Njiani nilipanga maneno makali, nikayapanga tena. Nilipofika nilimkuta Wankyo anapalilia. Alikuwa ndani ya nyumba. Wamepaua chumba kimoja na jiko, bati ziliishia hapo. Kuta za sebule zipo, mlango wa mbele upo, una hata kitasa, na ndani mchicha umestawi kutoka ukuta hadi ukuta.

"Karibu sebuleni, mwalimu mwenzetu," akasema, na kuniwekea kigoda kwenye kona isiyo na tuta. Alikuwa ameshaambiwa yote, hata habari ya ng'ombe wa msiba wa baba yake. Hakulia mbele yangu. Alisema tu kwamba amechoka kukasirika, sasa anapalilia.

Clementi alitoka chumbani, amekonda, shati limepigwa pasi.

"Kwa nini?" nikamwuliza. Maneno yangu yote makali yalikuwa yamebaki hilo moja. "Pesa ilikuwa Musoma. Asingeweza kuigusa. Ungempa ile milioni moja na laki nane umwambie akashtaki."

"Niliondoka hapa na hiyo tu mfukoni," akasema. "Kila asubuhi alikuwa ananipigiaga simu. Hatukani. Anasema shikamoo Mwalimu, mashine inasema hakuna salio, unaumwa? Nikafika, akanipa kiti, akafungua daftari. Nikaona nikilipa nusu nitakuja tena, na mwezi mwingine tena. Nikapanda gari mpaka Musoma siku hiyohiyo nikatoa iliyobaki. Nimechoka, Madam. Nilitaka iishe."

Nilimhurumia na nilitaka kumpiga, vyote kwa pamoja. Wankyo aliinama akachuma mchicha, akaupika kwa karanga, tukala na ugali wa muhogo chumbani, juani hapakukalika. Hakuna aliyetaja Gody wala paa.

Jioni Clementi alinisindikiza mpaka barabarani. Pikipiki ilikuwa bado haijapita. Akasafisha koo mara mbili, akaniambia Wankyo ameandikiwa dawa za presha, anapungukiwa elfu thelathini, na pensheni inaingia baada ya siku tisa. Nitamsaidia? Siku tisa tu.

Nilifungua pochi. Nilikuwa na elfu arobaini na tano, ya nauli ikiwemo. Nikahesabu elfu thelathini nikamnyooshea. Hakuzipokea. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati akatoa kadi mpya, ile tuliyoifuata Musoma, akaniwekea kiganjani kwa mikono miwili.

"Namba ni moja, tisa…"

"Mwalimu, nyamaza! Kadi ya nini? Chukua hela uende."

Nikamrudishia kadi. Akaitazama, akanitazama mimi, na uso wake ukasawijika.

"Kwa hiyo," akauliza, "hunikopeshi?"