Ugali Niliowapa Kuku

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo naikumbuka. Ni siku tuliyomzika dada yangu Hadija kule Pande, enzi za Mwingereza. Uchungu ulimshika siku tatu, mtoto hakutoka, na dada akaenda naye. Mimi wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi minne, mimba yangu ya kwanza. Waliojua ni mume wangu Mshamu na mama yake tu.

Wanawake waliomwosha dada walikaa uani wakinong'ona. Mmoja alisema, "Mtoto alikuwa mkubwa mno. Hadija alijilisha sana, masikini."

Mwenzake akaitikia, "Na nyonga zao hawa ni nyembamba. Ukoo mzima wako hivyo."

Hawakujua kuwa nimekaa nyuma ya ukuta wa makuti, nimejishika kiuno kwa mikono miwili, najipima.

Kwetu ilikuwa desturi mjamzito apunguze kula mimba ikikaribia kutimia, ili mtoto awe mdogo apite vizuri. Mayai ndiyo hatukuyagusa kabisa. Lakini wenzangu walipunguza mwezi wa mwisho, na walipunguza kidogo. Mimi nilianza siku ya matanga ya dada. Mama mkwe akinipakulia ugali wa mtama na kunde, nilikwenda nao nyuma ya jiko, nikala matonge mawili, uliobaki nikawatupia kuku. Kisha nilirudi nalamba vidole kama mtu aliyeshiba. Ndani ya nguo nilijifunga kaniki tumboni, na kila wiki nikaikaza.

Nikuambie kweli, maana sina faida ya kukuficha. Sikuwa namwogopea mtoto. Nilijiogopea mimi.

Kuku wakanenepa. Mama mkwe akamwambia mwanawe, "Baba, kuku wa mwaka huu wana baraka. Pumba siwapi, na tazama wanavyotembea, kama wake wa liwali!" Mshamu akacheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka nao. Njaa ilikuwa inanizungusha kichwa, na nikacheka.

Mwezi wa nane mama mkwe alimwita Bi Somoe, mkunga wa kijiji, aje kunikanda tumbo kwa mafuta ya nazi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniambia nivue. Nilikuwa nimesahau kaniki.

Alitazama alama zilizokata ngozi yangu. Akanifunua kope za chini, akaniambia nitoe ulimi. Alipoweka mikono tumboni alipapasa, akarudia kupapasa, na kule kurudia ndiko kulikonitia hofu ambayo sijaisahau.

"Mwezi wa ngapi, mwanangu?"

"Wa nane, bibi."

"Hili ni tumbo la miezi sita. Unakula nini?"

Nikalia. Nikamweleza yote, kuku, kaniki na maneno ya uani. Alinisikiliza akipangusa mafuta mikononi, kisha akasema, "Nyonga alikupa Mungu kupitia kwa mama yako, huwezi kuziongeza wala kuzipunguza. Lakini njaa hii umempa mtoto wewe. Unafikiri usipokula, yeye hula hewa? Anakula damu yako. Na damu yako nyeupe hii, ale nini?" Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Mficha uchi hazai, binti. Kwa nini hukuniita?"



Tangu siku hiyo mama mkwe, aliyeambiwa yote na Bi Somoe, alikaa mbele yangu nikila. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Kila tonge nililomeza nililiona linamkuza mtoto na linanichimbia kaburi. Usiku na mchana nilikuwa nasikiliza tumbo. Likitulia naogopa kuwa amekufa, likicheza naogopa kuwa amekuwa mkubwa.

Nilijifungua mwezi mmoja baadaye, asubuhi, bila taabu kubwa. Jua halijafika utosini nikawa nimemaliza. Nikacheka kwa furaha kwamba niko hai! Kisha Bi Somoe akanionyesha mtoto wa kiume, na kicheko kikanikauka. Ngozi ilikuwa imekunjamana kama ya mzee, vidole kama vijiti vya mbaazi, na kilio chake hakikufika hata mlangoni.

Bi Somoe alimweka kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, akatufunika pamoja kwa kanga mbili. Lakini maziwa yangu ya kwanza, yale ya njano, alinikamua akayamwaga, na mtoto akapewa maji ya sukari kwa siku mbili. Simlaumu. Aliyajua mengi kuliko sisi sote, ila hilo hakulijua, na hakuna kati yetu aliyelijua. Tuliyaita maziwa machafu.

Tulimwita Saidi. Alinyonya kidogo, akachoka, akalala. Wenzake waliozaliwa mwezi ule walipoanza kugeuka mkekani, yeye alikuwa bado hajakaza shingo. Masika yakaingia, homa zikaingia nayo. Watoto wengi waliugua, na wengi walipona kwa sababu walikuwa na mwili wa kupigana. Saidi alipigana siku mbili.

Watu walinipa pole, wakasema ni homa. Ni kweli, ilikuwa homa. Naye Mungu ndiye mwenye siku. Lakini uchungu wa mwana aujua mzazi, na mimi nilijua nimempeleka vitani mikono mitupu.

Nilipopata mimba ya pili, Mshamu hakusubiri maneno. Tulitembea hadi Nangurukuru, tukapanda lori, akanipeleka Lindi hospitali. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, alinipima nyonga kwa utepe na kwa mikono. Nikamsimulia habari za dada. Akapima tena, polepole, ili niridhike.

"Mama, hizi nyonga zako hazina tatizo. Dada yako alikuwa dada yako. Wewe ni wewe."

Mshamu alifurahi, akamshukuru. Mimi nilitoka nje, nikakaa chini penye kivuli cha ukuta. Mwanangu, njia ilikuwa wazi tangu mwanzo. Nilimnyima Saidi chakula miezi minne kwa kuogopa kitu ambacho mwilini mwangu hakikuwamo.

Huyo muuguzi ndiye aliyenifundisha kwamba maziwa ya njano ni ya mtoto, asinyimwe hata tone. Nikamfikishia Bi Somoe. Alitazama chini, akasema, "Basi nimeyamwaga mangapi!" Tangu hapo hakuyamwaga tena.

Sasa wewe, mjukuu wangu, una mimba, na nimekuona jana ukisogeza sahani. Ndiyo maana nimesema haya, ambayo hata wanangu waliofuata hawakuyasikia yote. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, lakini malezi hayasubiri azaliwe. Kimo chake, rangi yake, umbo lake, hayo anakuja nayo kutoka kwa baba na mama, hatuyachagui. Unachokula, homa unayoiacha bila dawa, mzigo unaojitwisha, hayo ni mkononi mwako na mkononi mwa mumeo, naye nitamwambia. Kula. Kapimwe mapema. Akizaliwa, mpe yale maziwa ya njano. Na ukiogopa, sema. Hofu si dhambi, mimi niliificha ndiyo ikamla mtoto wangu.

Mungu akupe uchungu mwepesi na kilio cha mtoto kinachosikika hadi nyumba ya saba. Akupe maziwa tele, akukalishe naye mpaka akuoshee vyombo, mpaka akuzike yeye, siyo wewe umzike. Amina. Haya, vuta sahani hiyo, nipo hapa nakutazama.