Mimi Si Nyongeza

Mwishoni mwa miaka ya tisini timu yetu ya hoki, pale Wadi Kabir, ilifungwa mechi tano mfululizo. Nilihesabu mara mbili nikitumai nimekosea. Shemegi yangu, ndiye kocha, akatangaza kwamba timu inajengwa upya. Sisi watatu tuliopita miaka arobaini tulifahamu: nyumba haijengwi upya mpaka ivunjwe kwanza.

"Watu wa timu ya Hail wanataka wazoefu," akaniambia. "Watatupatia vijana. Twende tukapatane, wewe ndiye mwenye mdomo."

"Unanipeleka nikajiuze mwenyewe?"

"Nani atakuuza vizuri kuliko wewe?"

Wenzangu wawili walikuwa radhi. Walikuwa wakikaa hukohuko Hail, na ile safari ya kuja mazoezini ilikwishawachosha. Mimi sikuwa radhi, lakini nilikwenda, na wao wakatukuta huko. Msimamizi wa timu ya Hail akatukaribisha nyumbani kwake kwa halua na kahawa, na hapo shemegi akaharibu. Adabu za ugenini zilimshika; mtu wa adabu hasifu cha kwake.

"Hawa wazee tu, sheikh wangu," akasema. "Magoti yamekwisha. Mtawavumilia."

Miaka yote niliyouza vitambaa sokoni Matrah sijaona muuzaji anayeanza kwa kutaja kasoro. Kazi hiyo ni ya mnunuzi. Msimamizi akaichukua palepale: wazee wawili kwa kijana mmoja. "Na huyu wa tatu," akaninyooshea kikombe, "atakuwa nyongeza."

Nikakitua kikombe changu.

"Sheikh, tuanze upya. Golikipa wetu hajakosa mazoezi hata siku moja. Vijana wako Ijumaa iliyopita walikuja wangapi?"

"Saba."

"Kati ya kumi na sita. Na huyu wa pili, mabao yetu yote msimu huu kayatia yeye."

"Mangapi?"

"Manne."

"Machache hayo."

"Nimesema yote, sikusema mengi."

Akacheka, na mtu akishacheka bei imekwisha. Wawili kwa wawili.

"Na wewe?"

"Nyongeza ni ndimu juu ya fungu la samaki. Mimi siendi."

Tulipofika Qurum tukirudi, shemegi akanigeukia. "Nafasi yako ya beki nshampa mmoja wa hao vijana."

"Umegawa kitu kabla mwenyewe hajakiwacha. Aje anitoe yeye, uwanjani."

"Una miaka arobaini na tatu."

"Na mbili. Hesabu vizuri."

Kwenye mazoezi ya kwanza nikasimama kushoto, mahala pangu. Kijana aliyepewa nafasi yangu akanijia na mpira, akanipita. Akaja tena, akanipita, na safari hii alikuwa na huruma usoni, jambo lililoniudhi zaidi. Mara ya tatu nilimsoma bega, nikamnyang'anya.

"Moja kwa tatu, shemegi," kocha akasema.

"Mechi tano tumefungwa. Nani katika timu hii amefikisha moja kwa tatu?"

Akapuliza filimbi. Goti lilikuwa likiniuma, na sikumwonesha.

"Mrejeshe aje tena," nikamwambia, nikaliinamisha gongo la hoki chini, tayari. "Bado nipo."