Inchi Mbili za Tumbo

Kwa miaka ishirini na sita kiwandani walimwita Inchi Mbili. Alikuwa mkata nguo, bingwa wa makoti ya wanaume, na jina hilo lilitokana na tabia yake moja. Kila alipomzungushia mteja futi tumboni, alinyamaza akangoja. Alijua kwamba mtu akipimwa hubana tumbo. Hubana hata asiyejijua kwamba anabana.

"Pumua, bosi," angesema. "Koti hili utalivaa ukiwa umeshiba."

Mteja akicheka, tumbo hurudi mahali pake, naye huandika. Kwa wale wabishi wasioachia, aliongeza inchi mbili kimyakimya.

Tumbo lake mwenyewe lilimgeuka alipotimiza miaka arobaini na moja. Ilianza damu, yakaja maumivu, kisha mbio za chooni. Hospitali walimwambia utumbo mpana una vidonda, na kwamba ugonjwa wake hutulizwa tu, hauponi. Siku mbaya aliingia chooni mara kumi na nne. Msimamizi wa zamani, mtu wa maneno machache, aliisogeza meza yake ya kukatia karibu na mlango wa choo, wala hakuuliza mengi. Zilikuwa hatua tisa. Kwa hatua hizo tisa aliendelea kuwa mtu mwenye kazi, baba mwenye nyumba, mume anayerudi jioni akiwa na suruali ileile aliyotoka nayo asubuhi.

Msimamizi huyo alistaafu. Aliyekuja baada yake alitaka wakataji wote wapande ghorofa ya juu, kwenye mwanga mzuri. Huko juu hakukuwa na choo.

"Mzee wangu, sina ubaya na wewe," alisema yule kijana. "Niletee cheti cha ulemavu, meza yako haitaguswa. Bila cheti, wakubwa nitawaambia nini?"

Ofisi ya kupima ulemavu ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa basi.

"Nenda hivyohivyo ulivyo," mkewe alimwambia. "Kunywa chai yako, kula mkate wako, wakuone."

"Nikachafue viti vya watu?"

Akafanya alivyofanya siku zote kabla ya safari: aliacha kula siku mbili nzima. Asubuhi ya siku yenyewe alimeza vidonge viwili vya kufunga tumbo, akavaa nepi ya watu wazima, na juu yake suti ya kijivu aliyojishonea mwenyewe. Alinyoa ndevu. Mkewe alimtazama kwa hasira, lakini akamrekebishia kola.

Mpimaji alikuwa dada mchanga mwenye fomu ya kurasa nane. Akainuka kwenye kiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kabla swali lolote halijaulizwa. Maana mtu akishaitikia hivyo, atamwelezaje mwanawe habari za nepi?

"Unaweza kutembea mita mia nne bila kusaidiwa?"

"Naweza."

Ni kweli aliweza, kutoka choo cha kituo cha mafuta hadi choo cha duka la dawa, na kutoka hapo hadi nyumbani kwa dada yake. Fomu haikuuliza njia.

"Kuvaa mwenyewe?"

"Koti hili nimelishona mimi, mwanangu."

Mpimaji akatabasamu, akaandika sifuri.

"Kwenda haja, unahitaji msaada?"

"Hapana."

"Leo umeenda mara ngapi?"

"Leo bado."

"Na jana?"

"Jana nilitulia."

Hakudanganya hata neno moja. Alikaa wima, tumbo tupu limebanwa chini ya vifungo vitatu, akangoja. Alikuwa mtu wa futi. Alijua mpimaji mzuri husita kidogo hapo, humtazama mtu usoni, kisha humwambia apumue.

Dada akafunua ukurasa wa pili.

Walipofika mwisho aliuliza, "Kuna la kuongeza, baba?"

"Hapana, mwanangu. Nashukuru."

Nje, mkewe aliinuka kwenye benchi. "Umemwambia kuhusu harusi ya mdogo wangu, ulivyoshinda ndani ya gari?"

"Hakuuliza."

"Na wewe mdomo huna?"

"Ningemwambiaje mtoto wa watu?"

"Kwa hiyo umelala njaa siku mbili, ukapanda basi, kwenda kuwathibitishia kwamba u mzima!" Akacheka kicheko kibaya, na machozi yakamtoka humohumo.

Barua ilikuja baada ya wiki tano. Alikuwa amepata pointi sita. Cheti hutolewa kuanzia thelathini. Aliruhusiwa kuomba tena baada ya mwaka.

Jumatatu iliyofuata meza yake ilipandishwa juu. Ngazi zilikuwa thelathini na mbili. Wiki ya pili, akiharakisha kushuka, alizidiwa kwenye ile ya kumi na moja. Akina mama wa kitengo cha vifungo waliinamia vifungo vyao, hakuna hata mmoja aliyeinua macho, na heshima yao hiyo ilimuuma kuliko kicheko. Alikwenda kuchukua ndoo na tambara, akazifuta ngazi mwenyewe.

Msimamizi alimwita ofisini, akafunga mlango. Alizungumza kwa upole kuhusu kupumzika, umri na afya. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa imeshachapwa.

"Ila nina ombi, mzee wangu. Mwezi ujao naoa. Hakuna wa kunikatia suti kama wewe. Nipime kabla hujaondoka."

Futi ilikuwa bado shingoni mwake. Akaishusha, akamzungushia. Kijana alitazama mbele, kifua nje, tumbo limerudi nyuma kama la mwanajeshi kwenye gwaride.

Inchi Mbili alisoma namba. Hakungoja. Akaiandika kama ilivyokuwa, akakunja futi.

"Tayari?" msimamizi aliuliza, akishusha pumzi.

"Tayari, bosi. Nimeandika kilichoonekana."