Upepo, Jicho na Mto wa Sufi

Miaka ile baada ya uhuru, mama mkwe wangu alipasuliwa mtoto wa jicho katika hospitali ya mjini. Daktari akatuonya: upepo na mchanga visiliguse jicho hilo, la sivyo litaharibika. Na la pili lilikwisha kufa zamani. Sasa niambie, si angekaa kwetu Rahaleo, hapo hapo mjini, mpaka apone? Alikataa. Alale chini ya paa moja na mkwe? Astaghfirullah! Akataka arudishwe kwake Msimbati, na kila siku ya kliniki nimfuate kwa pikipiki.

Mimi ni mtu wa Tabora, karani wa bandari. Kwetu pia mkwe tunamheshimu, lakini huku nilikuta heshima ya kuchosha roho. Tangu nimwoe binti yake, mama hakuwahi kunitazama usoni. Wala hakusema nami, aliisemesha pikipiki. "We pikipiki, mwambie mwenyewe aende polepole." Nami nimjibu nani? Naijibu pikipiki!

Siku ya kwanza alikaa ukingoni kabisa mwa kiti cha nyuma, akaweka kikapu katikati tusigusane. Tulipotokea mahali pa wazi, upepo wa bahari ukatuvaa. Ulinipiga kifuani, ukazunguka mabega, ukaingia kwenye lile pengo kati yetu na kumtandika yeye. Tulipofika mjini bendeji ilikuwa inaning'inia shingoni. Nilitamani kulia.

Nikaenda kwa fundi, akanifungia plastiki ngumu mbele ya usukani, ndefu, imesimama wima. Nikajua kazi imekwisha. Wapi! Mimi nilipona, lakini upepo uliruka juu ya plastiki na kichwa changu, ukamwangukia aliye nyuma. Mama akaiambia pikipiki kwamba heri ya mwanzo. Nikaikata plastiki, nikailaza kidogo, nikaacha upenyo chini hewa ipite. Makofi ya upepo yakapungua kweli, ila pengo likabaki. Nikamwomba mke wangu amwambie mama asogee, aegemee mgongo wangu, upepo ukose pa kuingia.

"Mama akuegemee wewe?" mke wangu alisema. "Una wazimu?"

Nilichoka, wallahi. Jicho linakufa, sisi tunalinda adabu! Nikang'oa mto wa sufi kitandani kwetu, nikaufunga wima nyuma yangu kwa kamba, ukafika mabegani. Tulipokuwa tayari kuondoka Msimbati, nikafoka mbele ya watu, "Ee pikipiki, abiria wako aegemee mto, siyo mimi!"

Mama aliupapasa mto kwanza. Halafu akakipakata kikapu, akaegemea. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Bendeji ilifika mjini kama ilivyofungwa, na tangu hapo hatukusafiri bila mto.

Siku ya kufungua jicho mke wangu alikuwa na homa, nikaingia na mama mimi mwenyewe. Daktari, mgeni wa huku kama mimi, akafungua bendeji, akanisimamisha mbele ya mgonjwa wake.

"Mama, unamwona nani?"

Mama akageukia ukuta. Daktari akauliza tena, kwa upole. Kimya. Akashusha pumzi, akanitazama kwa huruma, akachukua kalamu aandike kwamba haoni.

"Daktari, anaona huyu! Mimi mkwe wake, hawezi kunitazama!"

Akanipungia mkono ninyamaze. Alidhani nakataa kuupokea msiba. Na mama yupo tu, midomo kaifunga! Hasira ikanipanda, nikasahau kwamba sisemi naye.

"Mama, nakuomba! Safari zote zile, leo unaninyamazia? Sema unaona!"

Mama alivuta kanga mpaka puani. Akauambia ukuta, polepole, kwa sauti ya mtu aliyeudhiwa.

"Shati la mwanamume huyo halina kifungo cha shingoni. Binti yangu hana sindano?"

Daktari akaangua kicheko. Mimi nilikaa kwenye benchi la wagonjwa, nikalia.