Mkono wa Mtu wa Tanuri

Zamani kila mama alioka kwa moto wake. Siku hizi, kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga huko Riruta, anayeoka chumbani kwake anafukuzwa, kwa sababu mwenye ploti amejenga tanuri na kila mkate lazima upitie humo na kumwachia kipande. Nimesoma kwamba mabwana wa Ulaya ya kale walifanya hivyo hivyo, nao walikuwa na mtu wa tanuri, wa kuwasaka wanaooka kwa siri. Wetu alipenda kusalimu kwa mkono. Aliushika mkono wako kupita adabu, akipapasa kucha kwa kidole gumba, akitafuta unga au masizi, huku akikuuliza habari za watoto kwa sauti ya chini. Sikumwamini hata siku moja.

Asubuhi moja nilimwona mlangoni kwa Shahida, mama yake Safa, mjane anayelisha wanawe kwa kuuza mkate wa kumimina, ule wa mchele na iliki.

"Mama Safa, hii mkono iko na nini?"

"Poda ya mtoto, mzee."

Alilamba kidole chake. "Siku hizi poda inatiwa iliki?"

Shahida aliurudisha mkono ndani ya kanga. Nilijua jioni atakuta kufuli mlangoni. Halikuwekwa, jioni hiyo wala wiki hiyo. Mwisho wa mwezi mwenye ploti alimfuta kazi mtu wa tanuri, eti tangu aajiriwe hajamkamata mtu hata mmoja. Mara ya mwisho nilimwona kwenye kituo cha matatu cha Adams Arcade, amebeba godoro lake. Aliponinyooshea mkono, wangu nilikuwa nimeshauficha mfukoni.